Kidole cha Baba

Shangazi Tamae hakuja na keki Jumapili ile. Alikuja na mfamasia. Si mwenyewe, picha yake, imefungwa ndani ya jalada gumu kama cheti cha shahada. Aliiweka mezani katikati ya machenza, akaingiza miguu chini ya blanketi la meza ya joto, ile fupi yenye hita chini yake, akasema, "Haya, tuangalie."

Hatukuangalia. Mama alikuwa anammenyea Baba chenza, anatoa nyuzi nyeupe moja moja, kazi ambayo Baba hajawahi kumwomba. Mimi nilikuwa nayatazama mawingu dirishani. Baba aliketi pahali pake pa siku zote, mgongo kwenye nguzo, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Ana duka lake mwenyewe kule Iwata," Shangazi alianza. "Hanywi, havuti, meno yote ya kwake. Na anavyoongea, jamani! Kila neno limekaa kwenye kiti chake. Wewe Seiji si ndiye uliyekuwa unataka mtu anayeongea sawasawa? Basi Jumapili ijayo wakutane na huyu binti yako Nagisa, wanywe chai tu. Hakuna aliyewahi kuolewa na chai. Unasemaje, mdogo wangu?"

Baba alifungua mdomo. Tulisubiri. "Nagisa... mtu... piano..."

"Anayo!" Shangazi akapiga makofi. "Mama yake ana piano nyeusi sebuleni, kubwa, imefunikwa kitambaa. Umejuaje? Haya, wifi, umesikia mwenyewe. Mwenye binti amekubali."

Baba akafunga mdomo. Akageukia televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa, akaanza kuitazama.

Nilikasirika, ingawa Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya tulichokuwa tunakifanya sote katika nyumba ile tangu masika. Sisi watu wa huku tumelelewa kumpokea mwenzetu sentensi kabla haijamtoka yote mdomoni, kama unavyompokea mgeni mzigo mlangoni. Kumwacha mtu ahangaike nayo peke yake ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo Baba alipopata kiharusi, maneno yakawa yanamtoka moja moja kama matone ya bomba bovu, tulimpokea yote. Akisema "maji", Mama anamalizia "unataka ya moto, sivyo?" Akisema "mguu", mimi namalizia "unauma, pole Baba." Tulimpokea kwa upendo mpaka akaacha kubeba.

Baba alikuwa fundi wa kupatanisha sauti za piano. Hapa Hamamatsu piano zinatengenezwa kama kwingine wanavyolima mpunga, na masikio ya Baba yalijulikana mji mzima. Tatizo ni kwamba akirudi nyumbani hakuyavua. Lugha yetu ina vijineno vidogo vya silabi moja moja vinavyokaa mkiani mwa neno. Ndivyo vinavyosema nani amemla nani, nani katoka wapi. Ukivichanganya, samaki anamla paka. Nami nikiwa mdogo samaki wangu walikula paka wengi. Kila nilipokosea wakati wa chakula, kidole cha Baba kiligonga meza mara moja: ko. Hakugomba, hakunitazama. Alisema tu, "Tena," na mimi nikasema tena mpaka sentensi ikanyooka. Wakati ule nilikichukia kidole hicho kuliko kuchanjwa.

Halafu maua ya mcheri yalipokuwa yanapukutika, Baba akaanguka karakanani kwake. Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini alituambia majina ya vitu yatarudi kwanza, vijineno mwisho, na pengine visirudi. Baba yangu, yeye aliyeishi kwa vijineno! Vikimtoka vinatoka vimepinda, na yeye mwenyewe anasikia kwamba vimepinda. Niliyaona macho yake. Masikio hayakupata kiharusi. Kidole nacho kikanyamaza, na nyumba nzima tukaongea tunavyotaka, hakuna wa kutugongea.

Na alipoanguka, mimi nikaachana na Valdo. Si kwamba nilimchoka. Nani angemchoka Valdo?

Edivaldo Miyashiro ni mzaliwa wa Brazili, mjukuu wa watu waliohama kutoka Okinawa. Sura ya kwetu, jina la ukoo la kwetu, ulimi wa kwao. Kazi yake ni kubeba piano. Nilikutana naye alipoleta piano kwenye shule ya chekechea ninayofundisha. Mtu ana mabega kama kabati, lakini aliiteremsha ile piano kama anamlaza mtoto, kisha akaniambia sentensi yenye makosa matatu na tabasamu moja. Nilihesabu yote manne.

Mwaka juzi alivaa suti, akaja mlangoni kwetu na kasha la keki kuniomba kwa Baba. Kwa jinsi alivyovipanga vijineno, ilieleweka kama anaomba mimi nipewe yeye, pamoja na kasha. Baba hakucheka. "Kijana," alimwambia, "rudi siku sentensi hiyo itakapokuwa imenyooka. Sikio langu linauma." Akafunga mlango taratibu, kama anavyofunga kifuniko cha piano.

Nilipigana na Baba mwaka mzima kwa ajili ya Valdo, na nilikuwa nakaribia kushinda. Kisha Baba akaanguka. Sasa nitagombana vipi na mtu asiyeweza kunijibu? Nikamwambia Valdo asije tena, asipige simu. Akasema, "Nitasubiri na wewe," akakosea hata hapo, alitaka kusema atanisubiri mimi. Nililia njia nzima.

Basi ndipo tulipokuwa, mimi na mfamasia na machenza, wakati lori lilipopiga honi uani.

"Watu wa piano hao," Mama alisema, akajifuta vidole.

"Piano gani?" niliuliza.

"Ya karakanani. Inakaa bure tu, inakula nafasi."

Baba aligeuza kichwa akamtazama mkewe. Mama hakumtazama. Alikwenda kufungua mlango, na kutoka pale mlangoni nikasikia sauti ambayo nilikuwa naisikia kila siku kwenye usingizi wangu.

"Samahani na kusumbua."

Valdo alivua viatu, akaingia hadi kizingiti cha sebule, akapiga magoti kwenye mkeka na kuinama mpaka paji likagusa. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi na glovu mfukoni. Alinitazama mara moja tu, haraka, kama mtu anayeonja mchuzi akijua ni wa moto. Nami nikashika chenza nikaliminya mpaka maji yakanichuruzika mkononi.

"Huyu tena!" Shangazi alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka Iwata.

"Samahani na kusumbua," Valdo alirudia, akimwelekea Baba.

Ko.

Sote tuligeuka. Kidole cha mkono wa kushoto cha Baba kilikuwa mezani.

Valdo alikuwa anakijua kidole kile, nilikuwa nimemsimulia. "Samahani... wa kusumbua?"

Ko, ko. Uso wa Baba ulikuwa umewiva. Nilimwona akitafuta, midomo inafunguka na kufungika, mshipa umemsimama shingoni. Mama alinyoosha mkono amsaidie, kama kawaida yetu, lakini Baba alikuwa amekwisha kasirika kupita kiasi cha kusaidiwa.

"Kwa!" alifoka. "Kwa! Kwa kusumbua!"

Chenza la Mama lilibiringika mpaka chini ya kabati na hakuna aliyeliokota. Kijineno. Kijineno kizima, kimenyooka, kimekaa mahali pake, cha kwanza tangu maua ya mcheri.

"Samahani kwa kusumbua," Valdo alisema polepole.

Baba akatikisa kichwa: ndiyo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amemfanyia mgeni yeyote tangu atoke hospitali. Alisukuma mto wa kukalia kwa mguu wake mzima, ukateleza hadi mbele ya Valdo. Keti.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya kumpamba mgeni tu.

Valdo aliketi, akaongea. Aliulizwa habari za barabara akasema lori limepita na daraja chini. Ko. Aliulizwa habari za mama yake, akasema mama yake anaishi ya dada yake. Ko, ko. Kila kosa lilipogongwa alirudia, na Baba alizidi kukaa wima. Macho yake yaling'aa kama zamani alipoletewa piano iliyokaa kwenye maji ya mafuriko. Ilikuwa kazi. Mtu amepata kazi! Miezi yote ile tulimpa uji, tulimpa mito, tulimpa pole, na hakuna aliyekumbuka kumpa kosa.

"Jamani huyu mtoto hajui hata kuongea," Shangazi alilalamika, "na mnamchekea! Seiji, utachoka. Mwambie achukue piano aende zake."

Baba alimgeukia Valdo. "Piano..."

"Ichukuliwe, anasema," Shangazi akamalizia. "Haya, simama, kijana."

Valdo hakusimama. Aliinama kwanza, adabu ni adabu, kisha akasema, "Shangazi, samahani kwa kukatiza. Sentensi na Baba bado haijaisha."

Ko.

"Sentensi ya Baba," Valdo alijirekebisha. "Bado."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna. Lakini Shangazi, mimi tangu nifike huku nikiwa na miaka kumi na tano watu wananimalizia sentensi. Walimu, wasimamizi na kazini, muuza mikate. Wananimalizia vizuri sana, kuliko mimi mwenyewe. Nasema asante, naenda. Ila kile nilichotaka kusema kinabaki ya tumboni. Kikikaa sana, mtu anaona afadhali asiongee." Alikuwa anatokwa jasho. Katika maneno hayo alikosea mahali pawili, lakini kidole kilikaa kimya. "Mimi naweza kungoja. Piano ni nzito, nimezoea."

Shangazi aliachama. Mama aliinamisha uso. Nami niliona aibu, na ndani ya aibu hiyo nilimpenda upya, kwa nguvu, mpaka nikaogopa itaonekana usoni.

Tukangoja. Hamjui jinsi kimya kinavyouma ulimi wa mtu aliyezoea kusaidia. Birika lilichemka, Mama akalizima. Mwenzake Valdo aliwasha redio kule kwenye lori. Baba alitazama juu, akatazama mkono wake, akavuta pumzi kama anayetaka kunyanyua kitu.

"Piano... isi... isiende," alisema. "Piano yangu. Na... hapa."

"Piano yako ibaki hapa," Valdo alisema. "Ndivyo?"

"Ndivyo!" Baba akapiga meza kwa kiganja kizima, machenza yakaruka.

"Basi inabaki. Naomba niiangalie tu, Mama, kama imekaa vizuri na unyevu huu," Valdo alisema, na Mama, bila kunitazama, akasema, "Nagisa, mpeleke mgeni karakanani. Taa yake inasumbua, yeye haijui."

Taa ya karakana haijawahi kusumbua tangu nizaliwe.

Kule ndani kulinukia mbao na gundi. Nyundo ndogo za Baba zilikuwa bado zimepangwa ukutani. Tulisimama kila mmoja upande wake wa ile piano kama watu wawili wanaotaka kuinyanyua.

"Umekonda," nikamwambia.

"Wewe umepaka mkono chenza."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. Alitaka kusogea, akajizuia, akaweka mkono juu ya kifuniko. Nami nikaweka wangu. Kulibaki nafasi ya kidole kimoja kati yetu.

"Niambie ukweli, Valdo. Kule ndani ulikuwa unakosea makusudi? Ili Baba apate nafuu?"

Alinitazama kwa masikitiko ya dhati. "Natamani ningeweza," alisema. "Nilikuwa najitahidi kwa uwezo wangu wote."

Hapo nafasi ya kidole ikaisha. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na uliufunika wangu wote.

"Ile sentensi," alisema, "nimeifanyia mazoezi kila siku. Ngazini, kwenye lori, na piano mgongoni. Wenzangu wote wanaijua. Mmoja alimwoa mkewe kwa sentensi yangu."

"Na wewe?"

"Mimi niliambiwa nisije. Halafu juzi ofisini wakaniambia kuna mama kapiga simu, ana piano, anamtaka Miyashiro. Wakamwambia mchukuzi yeyote anafaa. Akasema Miyashiro, au hakuna piano."

Mama! Mama yangu ambaye miaka yote nilidhani kazi yake ni kumenya machenza. Sijui kama nimewahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru pale, kimoyomoyo, kati ya nyundo za mumewe.

Tuliporudi, Shangazi alikuwa ameshaifungua picha ya mfamasia na kuiegemeza kwenye bakuli la machenza, ili ijitetee yenyewe. "Mimi nina treni ya kuwahi," alisema. "Nataka jibu la kupeleka Iwata. Seiji, ni huyu?"

Baba aliitazama picha. Akanyoosha kidole, akailaza kifudifudi, taratibu, bila chuki. Kisha akamwelekezea Valdo kidole hicho hicho.

"Ile," alisema. Alitafuta. Safari hii hata Shangazi alingoja, ingawa alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. "Ile... sentensi. Mlango. Uli... uliomba."

Valdo alipauka. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye mkeka. Nilipiga magoti kando yake bila kuambiwa. Mama alikuja na kitambaa cha jikoni mkononi, akasimama nacho.

"Baba," Valdo alisema, "nampenda binti yako Nagisa kwa moyo wangu wote. Naomba unipe ruhusa ya kumwoa na kuishi naye."

Ilinyooka. Niliifuata neno kwa neno kama mtu anayevuka daraja la kamba, na kila kijineno kilikuwa mahali pake. Hata Shangazi alitoa pumzi.

Ko.

Valdo aliinua uso, macho yamemtoka, akitafuta alipokosea. Nilitafuta na mimi. Hapakuwa na kosa! Nilitaka kusema hapakuwa na kosa, Baba, sikio lako safari hii limekudanganya, lakini niliuma mdomo. Nilikuwa nimejifunza asubuhi ile ile.

"Tena," Baba alisema.

Valdo akarudia. Ikanyooka tena.

Ko. "Tena."

Akarudia mara ya tatu, na safari hii nilikuwa namtazama Baba badala ya kuisikiliza sentensi. Alikuwa amefumba macho. Kichwa kimeinama upande kidogo, kama alivyokuwa akifanya kazi ikishakwisha, anapopiga noti moja bila sababu, kwa sababu tu imepatana. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Nzuri," alisema.

Mama alijifunika uso kwa kitambaa cha jikoni. Shangazi alichukua picha yake polepole, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha mkobani. "Mimi siingilii," alisema, mtu ambaye hajawahi kutoingilia kitu. "Ila harusini nitaketi mbele."

"Mbele kabisa, Shangazi," nikamwambia. "Asante kwa kutuhangaikia." Na nilimaanisha. Siku ile nilikuwa namshukuru kila mtu, hata mfamasia.

Baba aliinua mkono wa kushoto. Alikuwa bado na neno. Mama aliketi, Shangazi aliketi, chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuna aliyeigusa. Lilikuja kwa taabu, likasimama njiani, likarudi nyuma, likaanza upya, na chai ikapoa kabisa. Hakuna aliyelipokea.

"Mimi... na wewe... asante," alimwambia Valdo. "Sikio... furaha. Binti ya... kwa nyumbani... karibu."

Vijineno vyote vilikuwa vimepinda. Alijua. Nilimwona akijua, nikaona uso wake ukianza kufifia, macho yakiitafuta tena televisheni iliyozimwa.

Ndipo Valdo, yule yule aliyefungiwa mlango, akanyoosha kidole chake kinene cha kubebea piano, akagonga meza yetu mara moja.

Ko.

"We!" Shangazi alishtuka. "Mkwe wa aina gani huyu?"

"Tena, Baba," Valdo alisema. "Tunangoja."

Baba alimtazama. Alikitazama kile kidole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikainuka nusu nimwendee, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipokwisha cheka alijiweka sawa, akavuta pumzi, akaanza tena kutoka mwanzo.